Mizani Nane za Mama

Mwaka 1858, mjini Lamu, mjane mgonjwa alimwita bintiye asogee karibu, alete wino na karatasi, kisha akaanza kumwachia usia. Mjane huyo alikuwa Mwana Kupona binti Msham, na bintiye alikuwa Mwana Hashima. Usia wenyewe tunao hadi leo: ni utendi wa beti zipatazo mia moja, unaojulikana kwa jina la mama aliyeutunga. Hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mji wa mumewe ulishindwa vitani miaka michache tu baadaye. Utendi ndio uliosimama.

Lubao iko mbali na Lamu kadiri inavyowezekana kuwa mbali ndani ya Kenya. Sisi tuko kwenye barabara itokayo Kakamega kwenda Webuye, malori na trekta za miwa zinapopita zikielekea viwandani, na soko letu linajulikana hadi kaunti za mbali kwa biashara ya mbwa. Wengi wetu nyumbani tunasema Kikabras. Kiswahili tunakipata sokoni, kanisani na zaidi ya yote darasani. Huko darasani ndiko mtoto wa Lubao anakokutana na utenzi, na mara nyingi anakutana nao kama orodha ya kukariri: kipande kimoja katika kila mshororo, mishororo minne katika kila ubeti, mizani nane, vina vya namna fulani. Orodha hiyo ni sahihi. Lakini haimwambii mtoto kwa nini mtu mzima, mwenye akili timamu na maumivu mwilini, akijua kwamba siku zake zimebaki chache, achague kujifunga na masharti hayo yote badala ya kusema na mwanawe hivi hivi tu. Nataka kulijibu swali hilo kwa kuutazama ufundi wa Mwana Kupona hatua kwa hatua. Ninavyouelewa, masharti yale yalikuwa sehemu ya malezi yenyewe. Mama alikuwa anampa mwanawe maneno ambayo angeweza kuyabeba kichwani maisha yake yote.

Kipimo na kina

Tuanze na kipimo, maana ndipo kazi inapoanzia. Ili mtu wa huku aone ugumu wake, nimetunga ubeti wa mfano kutoka kwenye soko letu:

Soko letu la Lubao,
Miwa yapita na mbao,
Mama auza mazao,
Bei akishikilia.

Hesabu silabi kwa vidole. So-ko-le-tu-la-Lu-ba-o: nane. Mshororo wa pili nane, wa tatu nane, wa nne nane. Mishororo mitatu ya kwanza inamalizikia kwenye sauti moja. Wa nne unaiacha sauti hiyo na kuchukua yake. Ubeti unaofuata utabadilisha vina vya mishororo mitatu ya mwanzo utakavyo, lakini mshororo wa nne lazima urudi kwenye sauti ile ile ya mwisho, na hivyo hivyo hadi utenzi uishe. Walimu huiita sauti hiyo bahari, kwa kuwa ndiyo inayoenea kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ubeti wangu ni wa kufundishia tu, na hata huo una jambo lililonilazimu kuchagua. Nilitaka kutaja mbwa wanaouzwa pale sokoni, nikakuta neno hilo halikai mahali nilipolitaka bila kuvunja hesabu au kuharibu kina. Likatoka, zikaingia mbao. Hilo lilitokea katika ubeti mmoja. Mwana Kupona alikuwa na beti mia moja hivi, yaani mishororo kama mia nne, yaani silabi zinazokaribia 3,200, kila moja ikihesabiwa. Kila mara alipotaka kusema jambo fulani kuhusu imani, ndoa au ugonjwa wake, ilimbidi apate maneno yenye uzito sawasawa na nafasi iliyopo. Na mshororo wa silabi nane ni nafasi finyu. Maneno matatu, pengine manne, na mlango umefungwa.

Mtunzi dhaifu akibanwa na ufinyu huo hujaza. Huongeza viunganishi visivyo na kazi, hurudia jina, hukata neno katikati, hubandika kivumishi ambacho hakikuhitajika. Msikilizaji huhisi mara moja, hata kama hajui kueleza. Katika utendi wa Mwana Kupona ufinyu umegeuka kuwa namna ya kusema. Sentensi moja huanzia mshororo wa kwanza, hupita wa pili na wa tatu ikikusanya mambo, kisha hutua kwenye wa nne na kupumua. Ubeti mmoja, wazo moja. Binti anayesikiliza hapewi zaidi ya anachoweza kukishika kwa pumzi moja. Akishakishika, sauti ya bahari inamwambia kwamba hapo ni mwisho wa jambo, ajiandae kwa lingine.

Bahari ya utendi huu ni silabi ya mwisho yenye mlio wa ya. Uteuzi huo nao una akili ndani yake. Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno yanayomalizikia hivyo. Yapo yaliyotoka Kiarabu, kama dunia, nia na tabia. Na kuna jamii nzima ya vitenzi vya kutendea: kuambia, kuachia, kufanyia, kutakia. Vitenzi hivyo vina mtu mwingine ndani yake daima. Haiwezekani kumwambia, kumwachia au kumtakia asiyekuwepo. Mtu anayetunga usia kwa ajili ya mwanawe, akiichagua sauti hiyo iwe ndiyo inayorudi mwishoni mwa kila ubeti, ameifanya lugha yenyewe imwelekee mtoto. Siwezi kudai kwamba Mwana Kupona aliketi akalipanga jambo hilo kama mwanasarufi. Fundi mkubwa hahitaji kulipanga kwa namna hiyo. Sikio lake linajua mbao gani inafaa kwa mlango gani.

Pate, Siyu na nyumba za Lamu

Mwana Kupona alizaliwa katika kisiwa cha Pate, ambacho kwa karne kadhaa kilikuwa kitovu cha tungo za Kiswahili. Utendi wa Tambuka, unaohesabiwa miongoni mwa tenzi za kale kabisa tulizonazo katika hati, ulitungwa Pate mwaka 1728. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, shairi linalotazama magofu ya majumba ya matajiri wa Pate na kuuliza utajiri ule umekwenda wapi, inakadiriwa kutungwa karibu na wakati aliozaliwa Mwana Kupona. Kwa hiyo hakuanza na karatasi tupu. Alikulia mahali ambapo watu walizoea kusikia tungo zikiimbwa kwa sauti, na ambapo mtu aliyevuruga mizani aligunduliwa.

Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji ulio upande wa kaskazini wa kisiwa hicho hicho. Siyu ulikuwa mji wa mafundi. Walikuwepo washonaji wa ngozi waliotengeneza viatu na mikanda, wahunzi waliofua visu na panga, maseremala, na wanakili wa Kurani ambao misahafu yao yenye mapambo bado inatazamwa kwa mshangao na wataalamu wa hati za Kiislamu. Ulikuwa pia mji wa ukaidi. Sayyid Said, aliyetawala Zanzibar na Oman, alipeleka majeshi kuutiisha katika miaka ya 1840 akashindwa. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856 akiwa hajainama. Siyu ilikuja kuangushwa mwaka 1863, enzi za Sultani Majid, na Muhammad bin Mataka, mwana wa mtawala huyo, akafungwa Ngome ya Yesu, Mombasa.

Usia ulitungwa katikati ya matukio hayo: mume amekwisha kufa, mji haujaanguka, mama ni mgonjwa, binti yuko karibu na umri wa kuanza maisha yake. Jambo linalonigusa ni kwamba vita havimo. Mke wa mtawala aliyezuia majeshi ya Sultani angeweza kutunga utenzi wa mapambano, na wasikilizaji wangekuwepo. Yeye aliuelekeza ufundi wake ndani ya nyumba: kwenye chakula, kitanda, ubani, adabu ya kuingia na kutoka, namna ya kusema na wakubwa na wadogo. Alijua kwamba ngome yaweza kutekwa. Alichompa binti ni vitu ambavyo mshindi wa vita hawezi kuvitia mkononi.

Nyumba za mawe za Lamu zinasaidia kuelewa kazi hiyo. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haina urefu wa kupita kiasi, na kwa hiyo vyumba vya kale vya Lamu ni vyembamba. Upana wake uliamuliwa na mti. Mafundi hawakulalamika. Walivifanya vyumba kuwa virefu, wakavipanga kimoja nyuma ya kingine kutoka uani hadi ndani kabisa, wakajaza ukuta wa nyuma zidaka, yaani vile vijidirisha visivyotoboka, vilivyonakshiwa kwa plasta nyeupe, mahali pa kuwekea vyombo vya thamani. Ubeti wa utenzi umejengwa kwa akili hiyo hiyo. Upana umewekwa na kipimo kisichobadilika, silabi nane. Uhuru wa fundi uko katika mpangilio wa chumba baada ya chumba, na katika kile anachokiweka kwenye kila kidaka.

Jinsi usia ulivyopangwa

Utendi unaanza kwa ukaribu. Mama anamwita binti, anamweleza kwamba maradhi yamemshika kwa muda mrefu na kwamba bado hajapata nafasi ya kumpa neno jema. Anaagiza wino na karatasi. Kisha anamwambia kwamba anachompa ni hirizi na ni kidani cha lulu na marijani, kitu cha kuvaa shingoni. Angalia anavyofanya hapo. Kabla ya kutoa hata agizo moja, amekwisha kulivika agizo thamani. Mtoto anajua kwamba kinachokuja ni pambo na kinga, akipokee kama mtu anavyopokea zawadi.

Kisha anaingia kwenye mafundisho, na anakwenda kwa daraja: Mungu kwanza, na Mtume wake, baba na mama, mume. Kutoka hapo anashuka kwenye mwenendo: ukweli wa maneno, upole, kuwastahi wanaostahili, kuepuka utani usiofaa na watu wasiojua mipaka. Anashuka zaidi, hadi kwenye vitu vidogo kabisa vya siku: namna ya kumwamsha mume bila kumshtua, kumkanda, kumpepea, kumtazama nywele na ndevu, kufukiza ubani, kuuweka mwili wake mwenyewe safi na wenye kunukia. Msomaji wa leo anaweza kuviruka vipengele hivyo haraka. Msanii hataviruka. Ushauri wa jumla ni rahisi kuutunga na rahisi kuusahau. Ni kitendo mahususi, kilichowekwa mkononi, kinachobaki. Mwana Kupona anafundisha kwa vitu vinavyoonekana na kunusika.

Katikati ya mafundisho anafanya jambo la kishujaa kwa upande wa utunzi: anasimama na kusimulia ndoa yake mwenyewe. Anamwambia binti alivyoishi na baba yake, walivyokaa bila ugomvi, na jinsi mume huyo alivyokuwa katika mauti akimtakia radhi. Hapo mwalimu anakuwa shahidi. Beti zilizotangulia zilikuwa maagizo, na beti hizo zinaonyesha yalikotoka. Mahali alipopachagua pia ni pa busara. Angeyasema hayo mwanzoni yangekuwa majigambo. Angeyasema mwisho yangekuwa maombolezo. Aliyaweka pale ambapo binti amekwisha kupewa mzigo na anahitaji kujua kama kweli unabebeka.

Baada ya hapo utendi unageuka kuwa dua. Mama anamwomba Mungu kwa ajili yake, kwa ajili ya watoto wake, ndugu zake, na Waislamu wote. Na katika sehemu za mwisho anaupanua mlango: anawahimiza wanawake wengine wausome utendi na kuuelewa. Neno lililoanza kwa mtoto mmoja chumbani linawafikia wote. Mwishoni kabisa, kama ilivyo desturi ya tenzi, yapo maelezo ya mtunzi, hesabu ya beti na mwaka wa kutungwa, 1275 wa Hijria. Fundi ametia alama yake, na ameacha njia ya kuhakiki: atakayenakili akipoteza ubeti, hesabu itamshtaki.

Hati na sauti

Utendi uliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa Kiswahili cha Lamu. Katika hati nyingi za namna hiyo ubeti mzima hupangwa katika mstari mmoja, vipande vinne vikienda kutoka kulia kwenda kushoto, huku alama ndogo zikitenganisha kipande na kipande. Matokeo yake ni kwamba bahari ya utenzi inajipanga yenyewe upande wa kushoto wa ukurasa, herufi zile zile zikishuka mstari baada ya mstari. Asiyejua kusoma angeweza kuuona utaratibu huo kwa jicho tu.

Lakini herufi za Kiarabu, kama zilivyotumika wakati huo, hazikuikidhi sauti yote ya Kiswahili. Alama zake za irabu ni tatu, na Kiswahili kina irabu tano. I na e ziliweza kuandikwa sawa, u na o vilevile. Baadhi ya konsonanti zetu pia hazikuwa na herufi zake. Msomaji aliyeikuta hati bila kuusikia utendi alilazimika kukisia mara nyingi. Kwa hiyo hati ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa ni mtu aliyeusikia, anayejua mahadhi yake, anayeweza kumsahihisha msomaji. Na mtu huyo, kwa kawaida ya mambo, alikuwa mwanamke aliyejifunza kutoka kwa mwanamke mwingine. Hapo ndipo mizani na vina vinapoonyesha faida yake kamili. Ukikosea irabu, kina kinakataa. Ukiruka silabi, wimbo unajikwaa. Kanuni ambazo mwanafunzi wetu huziona kama minyororo zilikuwa walinzi wa maneno, zikikesha juu ya utendi wakati hati zinaliwa na mchwa na kunyonywa na unyevu wa pwani.

Mwana Hashima aliishi hadi uzeeni huko Lamu, karne ya 20 ikiwa imekwisha kuanza. Msomi wa Uingereza Alice Werner, aliyefika pwani hiyo kabla ya vita vya kwanza vya dunia, aliuchapisha utendi mwaka 1917, kisha akauchapisha tena pamoja na William Hichens mwaka 1934. Wasomi hao walisaidiwa sana na mafundi wa Lamu, na anayestahili kutajwa mbele ya wote ni Muhammad Kijuma. Alikuwa mchonga milango, mwandishi wa hati nzuri, mwanamuziki na mshairi, na kalamu yake ilinakili tenzi nyingi ambazo leo zimehifadhiwa London na kwingineko. Mtu aliyechonga nakshi kwenye mbao na mtu aliyenakili beti alikuwa mmoja. Mkono uliojua kuacha nafasi sawasawa kati ya ua na ua ulijua kuacha nafasi sawasawa kati ya kipande na kipande. Baadaye J. W. T. Allen, ambaye mkusanyo wake wa hati uko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliuingiza utendi huo katika kitabu chake Tendi cha mwaka 1971.

Mshairi mwingine, mwaka huo huo

Mwaka ule ule wa 1858, katika mji mdogo wa Amherst, jimbo la Massachusetts, Marekani, mwanamke mwingine alianza kuyakusanya mashairi yake. Emily Dickinson alikuwa na umri wa miaka 27. Aliyanakili kwa mkono safi, akakunja karatasi, akazishona kwa uzi kuwa vijitabu. Alifanya hivyo kwa miaka kadhaa hadi vikawa vijitabu vipatavyo arobaini. Aliishi katika nyumba ya matofali iliyojengwa na babu yake mwaka 1813, akafia humo mwaka 1886. Jirani, kwenye nyumba iliyojengwa mwaka 1856, alikaa kaka yake Austin na mkewe Susan, aliyekuwa msomaji wa karibu kuliko wote wa mashairi hayo. Katika uhai wake yalichapishwa mashairi kama kumi tu. Dada yake Lavinia ndiye aliyevikuta vijitabu baada ya msiba na kukataa vipotee. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1890.

Nimemleta Dickinson kwa sababu ya kipimo. Mashairi yake mengi yamejengwa juu ya mistari ya silabi nane na sita kwa kupokezana, kipimo cha nyimbo za kanisani alizozisikia tangu utotoni. Naye pia alichukua kipimo ambacho jamii yake yote ilikijua kwa sikio, kipimo cha ibada, akakipeleka chumbani na kukifanya kibebe mambo ya ndani kabisa ya nafsi. Mwana Kupona alichukua utenzi, uliozoeleka kwa kusimulia vita vya dini na sifa za Mitume, akaufanya ubebe sauti ya mama kwa mwanawe. Wanawake wawili wasiojuana, kila mmoja ndani ya nyumba ya familia yenye jina, walionyesha kwamba kipimo cha umma kinaweza kusema siri.

Tofauti ya urithi wao nayo inafundisha. Maneno ya Dickinson yalikaa kwenye karatasi bila sauti ya kuyalinda. Wahariri wa mwanzo, Mabel Loomis Todd na Thomas Wentworth Higginson, walirekebisha vina na alama zake ili yawafurahishe wasomaji, na ilichukua hadi mwaka 1955 ndipo Thomas Johnson akatoa toleo kamili lililojaribu kurudi kwenye hati zake. Leo nyumba yake ya Amherst ni makumbusho, na wageni huonyeshwa chumba chake na mahali pa meza yake ndogo. Mwana Kupona hana makumbusho ya namna hiyo. Mji Mkongwe wa Lamu umeorodheshwa na UNESCO tangu mwaka 2001, na hilo ni jema, lakini urithi wa Mwana Kupona ulihifadhiwa kwanza vifuani mwa watu. Nyumba yake ya kudumu ni kumbukumbu ya wasomaji wake, na nyumba hiyo inahitaji kukarabatiwa kila kizazi.

Utiifu na mamlaka

Utendi huu una wapinzani wake, na wanastahili kusikilizwa. Wapo wanaosema kwamba unamfundisha mwanamke kumtii mume kiasi cha kujifuta, na kwamba kuendelea kuusifu ni kuendeleza dhuluma. Mwaka 1991 mtafiti Ann Biersteker alichapisha makala akitaka usomwe upya, kwa kuangalia namna lugha ya utendi inavyochezea suala la mamlaka. Mimi naheshimu hoja za pande zote, na naamini msichana wa Lubao anayeusoma leo ana haki ya kukataa baadhi ya maagizo yake. Baadhi yake nayakataa hata mimi.

Lakini ufundi una ushahidi wake. Sauti inayozungumza mle ndani haina unyonge. Inaagiza karatasi. Inapanga nini kije kwanza na nini kifuate. Inazungumza na Mungu bila kupitia kwa mtu. Inaweka tarehe na kuwaita wanawake wote wasome. Katika jamii ambayo elimu ya kuandika ilihusishwa zaidi na wanaume, mwanamke huyo alitunga kwa ustadi kiasi kwamba wanaume waliunakili utendi wake, wakauhifadhi, wakaufundisha. Shaaban Robert, aliyekuwa bingwa wa Kiswahili wa karne ya 20, alipotaka kuwaachia watoto wake usia alishika njia hiyo hiyo ya utenzi: Utenzi wa Hati kwa bintiye na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Mwanamume aliyesifiwa kuliko wote katika fasihi yetu alitembea kwenye njia iliyokwisha kufunguliwa na mjane wa Siyu.

Kwa sisi wa Lubao jambo hili liko karibu kuliko tunavyodhani. Huku kwetu pia msichana anapokaribia kuolewa, senje, shangazi wa upande wa baba, huketi naye na kumwambia ya nyumba. Maneno hayo ni ya Kikabras, hayana hesabu ya silabi nane, na mengi yanasemwa mara moja tu kisha yanapotea na mwenye kuyasema. Mwana Kupona anatuonyesha yanachokosa: umbo la kuyabeba. Mwalimu wa Kiswahili anayefundisha utenzi hapa angeweza kuwatuma wanafunzi kwa masenje na nyanya zao, wapate neno moja la usia kutoka kwa kila mmoja, kisha walitungie ubeti wa mizani nane, wakiusoma kwa sauti hadi sikio likubali. Watajifunza zaidi juu ya mizani kwa kazi hiyo kuliko kwa orodha yoyote, kwa sababu watakuwa na kitu cha thamani ambacho hawataki kidondoke.

Na usomaji wa utendi wenyewe uanze kwa kuuimba. Usianze na maswali ya mtihani juu ya bahari na arudhi. Uimbwe kwanza, polepole, na kila mwanafunzi apewe beti chache za kuzikariri hadi ziwe zake. Hivyo ndivyo Mwana Kupona alivyokusudia. Alitunga kwa kipimo kikali kwa sababu alijua hatakuwepo kumkumbusha bintiye, na alitaka maneno yenyewe yafanye kazi hiyo badala yake. Mtunzi anayempenda anayemtungia hufanya kazi ngumu yeye mwenyewe, ili mwenzake apate wepesi wa kukumbuka. Sijui kipimo kingine cha ufundi kinachonitosha zaidi ya hicho.